Uyoga wa Bafuni

Mbelwa, fundi cherehani wa Lushoto, alipanga nyumba yenye bafu lisilo na dirisha. Taulo lake halikukauka tangu ahamie, na wateja walishaanza kumuuliza kwa upole kama anafuga beberu.

Mara tatu aliomba dirisha. "Punguza kuoga," alijibu mwenye nyumba, Mzee Shekalaghe, ambaye aliwahi kuukata mpapai wake mwenyewe kwa sababu mpangaji aliokota papai moja.

Asubuhi moja Mbelwa alimpelekea sahani ya uyoga wa kukaanga. Mzee aliumaliza ndipo akauliza umetoka wapi.

"Umeota ukutani, bafuni kwako, mzee wangu. Kwa unyevu ule naula kila siku. Nakuomba tu usije ukatoboa dirisha. Upepo ukipita, uyoga wote unakufa."

"Ukuta wangu, halafu unashiba wewe?"

Kabla ya adhuhuri mzee alikuwa bafuni na nyundo, anabomoa, huku Mbelwa akimlilia aache. Tofali la mwisho lilipoanguka, Mbelwa alijifuta machozi, akaenda sokoni kumrudishia muuza uyoga kikapu chake. Bafuni mle hakikuwahi kuota kitu ila ukungu, ingawa Mbelwa mwenyewe alikuwa karibu kuchipua.