Saruji ya Bwana Najua

Wahenga waliosema kwamba akili nyingi huondoa maarifa hawakuwa wakiwatukana wenye akili. Walimlenga mtu ambaye akili zake zimemjaa mpaka hapana pa kuingizia neno la mwenzake. Mtu wa namna hiyo angekuwa anaumia peke yake, tungemcheka tukaendelea na shughuli zetu. Kinachokera ni kwamba yeye hukosea na mwingine huumia.

Seremala mmoja alikuwa wa aina hiyo. Tuseme ukweli, kazi yake aliijua barabara. Kitanda alichokiunga hakikulia hata ukikirukia, na milango yake ilifungwa kwa ncha ya kidole. Kasoro yake ilikuwa mdomo. Ukimweleza jambo, kabla hujafika katikati alikwisha kusema, "Najua." Habari za injini alizijua, za ng'ombe alizijua, na uchungu wa kuzaa alikuwa tayari kumweleza mkunga. Majirani wakambandika jina la Bwana Najua, naye akalivaa kama nishani.

Mkewe ndiye aliyekuwa akiteka maji. Nyumba yao ilikuwa ya mwisho kichochoroni, na bomba la mtaa lilikuwa kule barabarani. Miaka yote ya ndoa mama huyo alikipanda kichochoro na ndoo kichwani na dumu mkononi, akiwa na mimba na asipokuwa nayo, mpaka siku alipoinama kuokota kijiko akashindwa kuinuka. Daktari alimwambia bila kumficha kwamba pingili za mgongo wake zilikuwa zimelika. Akibeba tena kitu kizito, huenda asitembee vizuri maisha yake yote.

Ikabidi maji yamfuate nyumbani. Lakini kichochoro kilikuwa njia ya watu wote, kimesakafiwa kwa jasho la majirani wenyewe, na hakikuweza kuchimbwa bila ridhaa yao. Mama wa nyumba ya kona, aliyekuwa msemaji wao, hakuuma maneno.

"Tunakubali kwa ajili ya mgongo wa mwenzetu," alisema. "Chimbeni, fukieni, sakafieni kama mlivyokuta. Lakini ni mara moja tu. Msituletee sururu tena mwakani."

Kwa sababu ya sharti hilo, fundi bomba waliyemwita, mwanamke mwenye sauti kubwa na majivuno yasiyopungua ya seremala, alikuja na mabomba mawili, moja nene na moja jembamba. Lile nene alilizika toka mita ya maji ya barabarani mpaka ukuta wa jikoni. Kisha akapitisha jembamba ndani yake, likakaa huru kama kisu alani.

"Maji yanapita humu ndani," alieleza akiligonga lile jembamba. "Likitoboka, mnalifungua kule kwenye mita na hapa jikoni, mnafunga jipya kwenye mkia wa la zamani, mnavuta. La zamani linatoka, jipya linaingia, hamchimbi hata shimo la panya. Nani mwingine anaweza kazi hii? Mimi tu! Ila hii midomo miwili ya lile nene msiizibe. Umesikia, shemeji?"

"Najua," alisema Bwana Najua.

Hakuwa amesikia hata nusu. Macho yake yalikuwa kwenye lile bomba jembamba, lililotikisika kila lilipoguswa. Kwa seremala, kitu kinachocheza ni aibu. Kila alipopita jikoni alilisukuma kwa kidole, likagonga huku na huku, naye akasonya.

Siku mkewe alipokwenda hospitali kuangaliwa mgongo, akapata nafasi. Alikoroga saruji nyepesi kama uji, akaimimina kwenye mdomo wa jikoni, kuzunguka lile bomba jembamba, mpaka ikakataa kuingia, kisha akaenda barabarani akafanya vivyo hivyo. Mkewe aliporudi alimkuta amesimama mbele ya kazi yake, mikono kiunoni.

"Hebu sukuma," alimwambia. "Sukuma uone kama litatikisika."

Mkewe alipigwa na butwaa. "Si fundi alisema tusizibe?"

"Fundi aliacha kazi nusu, mimi nimeimalizia. Kitu kikishikwa imara kinadumu. Hilo nalijua tangu sijakujua wewe."

"Na siku likiharibika?"

"Litaharibikaje, mke wangu, na limo ndani ya saruji?"

Mama alitaka fundi aitwe. Mumewe akakataa katakata kusimangwa na yule mwanamke mwenye majigambo. Maji nayo yalikuwa yakitoka vizuri, na mtu aliyeteka kwa miaka yote hiyo hana moyo wa kugombana na koki. Akakinga maji, akaenda kupika. Jamani! Mtu kaelezwa ana kwa ana, kwa lugha anayoielewa, na bado akaona aliyezika mabomba maisha yake yote hajui analolifanya.

Haukupita muda, jirani aliyekuwa akiongeza chumba akaletewa mchanga. Lori lilijipenyeza kichochoroni kinyumenyume, na ardhi ikadidimia chini ya magurudumu. Bomba lililo huru lingejipinda likasalimika. Hili lilikuwa limebanwa, na saruji ilipokatika ililikata nalo. Koki ya jikoni ikakohoa, ikatema hewa, ikakauka.

Fundi alikuja na bomba jipya begani huku akiimba, maana kazi yenyewe ilikuwa ya asubuhi moja. Alipouona ule mdomo wa jikoni, wimbo ulikatika.

"Nani kafanya hivi?"

"Nililiimarisha kidogo," alisema seremala.

"Umeliimarisha? Umelizika, shemeji! Mimi nimekuachia mlango, wewe umejenga ukuta!"

"Usinifokee nyumbani kwangu. Mimi najua..."

"Unajua? Haya, livute!"

Alilivuta kwa mikono, akalivuta kwa koleo, akajifunga kamba kiunoni akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Bomba halikusogea. Kwa kweli alikuwa ameifanya kazi yake vizuri.

Ikabaki kuchimba upya, na majirani wakakataa. "Tulisema mara moja," alikumbusha mama wa kona. "Nani alikutuma umwage saruji?" Bwana Najua, badala ya kuwaomba radhi, akaanza kuwaeleza jinsi sakafu ya kichochoro chao ilivyojengwa vibaya tangu mwanzo. Wakaondoka mmoja mmoja, wamemwacha anaongea.

Basi aliapa kuteka maji yeye mwenyewe, na mwanzoni aliteka. Kisha mteja mmoja akamharakisha amletee kabati lake, naye akatoka asubuhi kulipeleka akiacha ndoo zote tupu. Nyumbani hapakuwa na tone la kupikia wala la kunywea dawa. Mkewe akachukua dumu dogo kabisa. Majirani walimkuta ameketi chini kichochoroni, maji yamemwagika, miguu imemkatalia.

Mama wa kona ndiye aliyeleta sururu kwa mkono wake. "Chimbeni," alisema, na machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Lakini achimbe yeye, na amri atoe fundi."

Seremala aliketi kando ya kitanda. "Pole, mke wangu."

"Pole mpe aliyejikwaa," alijibu mkewe. "Mimi nimeangushwa. Siku ile nilikuuliza, likiharibika itakuwaje? Hukuwa na jibu, na bado ukanijibu."

Safari hii mumewe hakusema kwamba anajua; aliinuka akaenda kuichukua sururu.

Alichimba kichochoro chote peke yake, watu wakimpita bila kumsalimu. Mabomba mapya yalipokwisha kulazwa, fundi akamwamuru alivute lile la ndani, atoe na kurudisha, ajionee. Lilimfuata mkono bila ubishi, kama uzi unavyofuata sindano. Akaketi juu ya kifusi, akajifunika uso kwa mikono yenye malengelenge.

Maji yalirudi siku hiyohiyo. Mgongo haukurudi. Mama yule hadi leo anatembea kwa mkongojo, kwa kosa lisilo lake, na yeyote anayebisha kwamba akili nyingi huondoa maarifa, na aende akamtazame anavyohangaika kuvuka jikoni kuifikia koki.