Nzi wa Askari

Ndugu zangu, kulikuwa na mama mmoja aliyeogopa nzi kuliko ninyi mnavyoogopa nyoka. Msimcheke. Mtoto wake wa miezi saba aliwahi kuharisha mpaka macho yakadidimia, na muuguzi akamwambia, "Hawa nzi ndio wanaokuletea haya." Tangu siku hiyo mama hakutulia. Alikuwa akinyonyesha huku anapunga kanga.

Dada yake, aliyefanya kazi kwenye shamba la maua, akamletea mmea ndani ya kopo. Mmea wenye vinywa. Nzi akitua, kinywa kinajifumba, kwisha habari yake. Mama akauweka dirishani, juu ya kitanda cha mtoto, akauita Askari. Sijui ni Askari au ni usafi wake mwenyewe, lakini wiki tatu nyumba haikuona nzi. Mama akapata usingizi.

Halafu kinywa kimoja kikawa cheusi. Kikafuata cha pili. Mama akawaza: Askari ana njaa, na akifa, nani atamlinda mwanangu? Akachukua chupa, akaenda kwa muuza nyama, akaanza kuwinda nzi kwenye gogo la kukatia.

"Mama," muuza nyama akasema, "wenzako wananigombeza niwafukuze. Wewe unawateka?"

"Niachie wawili tu, baba. Wawe hai. Waliokufa Askari hawataki."

Siku tatu alikwenda hivyo. Ya nne akachoka. Mnajua alifanya nini? Alijaza matumbo ya samaki kwenye beseni, akaliweka chini ya dirisha ili nzi waje wenyewe. Wakaja. Askari alikuwa na vinywa sita tu. Sasa wale wengine walitua wapi? Semeni wenyewe.

Alhamisi mtoto akashindwa kunyonya. Mama akambeba mbio mpaka zahanati, kwa muuguzi yuleyule. Muuguzi akaifinya ngozi ya tumbo la mtoto, nayo ikachelewa kurudi: maji yalikuwa yamemwishia mwilini.

"Mama, nyumbani nzi wamerudi?"

"Wapo," akajibu, tena kwa moyo mweupe kabisa. "Lakini hao ni wa Askari."

Kisha akasikia alichokisema. Akakaa sakafuni palepale.

Mtoto alipona, Mungu ni mwema, baada ya siku tano za dripu. Lakini sisi je? Askari tulimleta atuondolee nzi, sasa tunafuga nzi ili Askari asife. Mnadhani nawasema ninyi? Hapa kanisani tuliunda kamati ya usuluhishi, tupate amani. Jumapili iliyopita mwenyekiti aliniambia hana kesi hata moja. Nilipaswa kupiga magoti nishukuru. Mnajua mchungaji wenu alijibu nini? "Hebu ulizieni vizuri. Hatakosekana aliyekosana na mwenzake."

Tangu hapo sina raha, ndugu zangu. Nalitafuta beseni langu. Nawe ukifika nyumbani leo, kabla hujaketi kula, inama kwanza utazame chini ya dirisha lako.