Mkeka wa Ng'ambo ya Mlima

Paukwa!

— Pakawa!

Nani kaja na masikio?

— Sote tumekuja nayo!

Basi yategeni. Haya ni ya hapo kale, kale kabisa, wanyama walipokuwa wakienda sokoni kama sisi.

Palikuwa na Nungunungu. Kwao alisifika kwa kupunguza bei. Akiambiwa kumi, husema mbili. Akipewa kwa mbili, huomba nyongeza. Wauzaji wakimwona tu, hufunika vikapu. Naye hujisemea moyoni, "Sipunjwi mimi!"

Siku moja binti yake, Siwema, akaposwa. Mkewe akamwambia, "Baba Siwema, mwanangu haketi mchangani siku ya harusi yake. Nenda nchi ya ng'ambo ya mlima, kwa Bi Mnana. Hakuna ndege asukaye mikeka kama yeye. Na tafadhali, mume wangu, usirudi mikono mitupu."

Nungunungu akajitwika mfuko wa njugu za kununulia. Akapanda mlima, akashuka mlima, akafika soko la ugenini.

Akauona mkeka. Mwekundu, wa zambarau, wa kijani! Moyo ukamruka. Lakini uso akaukunja.

"Huu ni mkeka," akauliza, "au jamvi la kuanikia dagaa?"

Bi Mnana akacheka. "Karibu, mgeni. Keti kwanza, unywe uji. Bei yake vibaba kumi vya njugu. Wamnunulia nani?"

Nungunungu akawaza: Ehe! Akisikia harusi, atapandisha.

"Simnunulii mtu. Uji sinywi. Vibaba vitatu."

"Haya, vinane."

"Vitatu!" Akaondoka, masikio kayaacha nyuma.

"Mgeni! Rudi! Nakupa kwa sita."

"Vitatu!" Akaondoka tena.

"Mgeni! Basi vitano, nami nile."

"Vitatu!" Akaondoka mara ya tatu, sasa kwa mikogo, miiba ikilia chwaa, chwaa.

Bi Mnana akachoka. "Njoo, baba, uchukue kwa hivyo vitatu vyako."

Nungunungu akasimama kama aliyepigwa kofi. Amekubali? Upesi hivyo? Mbona hakulia? Kumbe ningetaja viwili!

"Viwili," akasema.

Wauzaji wa jirani wakatazamana. Bi Mnana akaukunja mkeka taratibu. "Nenda salama, mgeni."

Akaenda. Akaenda polepole, aitwe. Akainama, akajifanya kachomwa na mwiba. Nungunungu, kachomwa na mwiba! Hakuitwa.

Mara akamwona Kobe, jirani yake wa nyumbani, anafika kwa Bi Mnana. Nungunungu akajibanza nyuma ya vyungu, akasikiliza.

Kobe aliketi. Akapewa uji, akanywa, akausifu. Akatajiwa kumi.

"Bi Mnana, bei yako yanitoa jasho. Namnunulia mama. Baridi yamsumbua."

"Na gamba lote lile?"

"Gamba liko juu, dada yangu. Baridi yapanda kwa chini!"

Bi Mnana akacheka hadi akashika mbavu. Wakavutana, wakataniana, wakafika vitano. Na kawa la kufunikia chakula akaongezewa, bila kuomba.

Nungunungu akatoka mbio. "Bi Mnana! Natoa vitatu! Natoa vitano!"

"Ulikuwa wa mwisho, baba. Mwingine ni kazi ya mwezi mzima."

Na harusi ilikuwa kesho kutwa! Akamkimbilia Kobe. Kumfikia Kobe si kazi.

"Ndugu yangu, niuzie. Taja bei yoyote."

"Wa mama siuzi," akasema Kobe. "Ni wa nini hasa?"

Nungunungu akainamisha kichwa. "Harusi ya Siwema."

"Lo! Ungemwambia hivyo Bi Mnana, ungerudi na mkeka na shangwe. Haya, nitakuazima. Lakini mwendo wangu waujua."

Basi Nungunungu akapanda mlima, mkeka kichwani, Kobe juu ya mkeka, na mfuko wa njugu shingoni, haujapungua hata punje.

Siku ya harusi Siwema akaketi, akapendeza. Wakwe wakaupapasa mkeka. "Mashallah! Umeupata kwa bei gani, mkwe wetu?"

"Muulizeni Kobe," akajibu, akitazama pembeni.

Vigelegele havijapoa, mama yake Kobe akafika, kidogo kidogo, mkongojo mkononi. Akasimama mbele ya maharusi.

"Hongereni, wanangu. Sasa inukeni kidogo. Nataka kulala."

Basi, enyi mlioketi, kumbukeni: kupunguza bei si kosa, na ugenini ni desturi. Lakini anayetaka kupatana bei, apatane kwanza na mtu.

Hapo ngano yangu imetua mzigo. Aliyeipenda aichukue, bei yake kicheko, wala sipunguzi!