Ujuzi Uliotiwa Chupani

Katika mji wa Zumaridi, uliozungukwa na jangwa pande zote, alitawala Sultani Mahfudhi bin Tarazi, na mji huo ulikunywa maji ya gurudumu kubwa lililoyapandisha kutoka kisimani, na mafundi wake waliongozwa na bibi mmoja mwerevu, Ramla binti Sefu. Basi alipofariki mzee fundi mkuu, aliyewafunza mafundi hao wote, Sultani aliingiwa na hofu, akasema, "Kila afaye anazikwa na ujuzi wake!" Akaisugua pete yake, akatokea Barkushi, jini mtumwa wa pete, naye akaamriwa autoe ujuzi vifuani mwa mafundi wote na kuutia katika chupa za bilauri.

Haukupita muda, gurudumu likakwama. Chupa zikafunguliwa, nazo zikanena kwa ufasaha, "Kaza mhimili!" lakini hapana aliyejua akaze kiasi gani, na mafundi waliitazama mikono yao kama mikono ya watu wengine. Watoto wakalia kwa kiu, na Ramla, moyo ukimuuma, akapiga magoti mbele ya kiti cha enzi.

"Ewe Maulana, Mungu akuzidishie umri! Mrudishie kila mtu chake, kisha unipe ukumbi wako na kahawa."

"Ukumbi wangu, wakae wahunzi na maseremala?"

"Wakae wasemezane, Maulana."

"Na ukishindwa?"

"Shingo yangu hii hapa."

Sultani akakubali, na jini akazivunja chupa, ujuzi ukawarudia wenyewe, kisha akamnong'oneza Ramla, "Bibi, mimi niliyabeba maneno tu. Kuaminiana kwao hakukushikika."

Lakini ukumbini mafundi walikaa wakipeana migongo, kwani Jabu mhunzi na Mwinyikai seremala walikuwa mahasimu wa siku nyingi. Ramla akauliza taratibu, "Marehemu mlimpendea nini?"

Jabu akacheka, machozi yakimlenga. "Alikuwa akiuwekea mhimili sikio kama mganga!"

"Kumbe na wewe ulimwona?" akasema Mwinyikai. "Mimi alinifunza ule mguno wa mhimili maana yake."

"Nami alinifunza pa kugonga!"

Wakashikana mikono, wakateremka kisimani, huyu akasikiliza na huyu akagonga, na gurudumu likanguruma na maji yakamwagika, na mji mzima ukapiga vigelegele.

Sultani akamwachia jini huru, akamfanya Ramla waziri, akamwoza mwanawe Nadhiri, aliyekuwa akimimina kahawa ukumbini huku akimtazama Ramla zaidi kuliko vikombe. Wakaishi kwa raha na utajiri, na watu wa Zumaridi wakawausia wana wao: ilmu haifugwi chupani, makao yake ni watu wapendanao.