Alama za Kijani za Chatu

"Paukwa."
"Pakawa."
"Nani anabisha?"
"Hadithi."
"Tuifungulie?"
"Kwanza iseme imetoka wapi."

Imetoka Nyika ya Kigongo, mwaka ule mto ulipokauka. Wanyama wa huko walikuwa na simu, lakini hawakuwa na maji. Kiu iliwakausha ndimi, wala hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuzurura akitafuta pa kunywa. Kwa hiyo kila mwenye kisima alifungua tovuti yake, akaweka picha ya maji na ramani ya njia. Aliyekwenda akanywa, aliiwekea tovuti ile alama. Pakiwa salama, alama ya kijani. Pakiwa na hatari, alama nyekundu. Simu moja, alama moja.

Mwenye kuhesabu alama alikuwa Mzee Kobe. Nyekundu zikizidi za kijani, Kobe aliifunga tovuti. Ukiibonyeza, au ikiwa tayari iko wazi kwenye simu yako, simu inalia krrr, ramani inatoweka, na kioo kizima kinageuka chekundu: Usipite. Hapa si salama.

Sasa, kwenye nyufa za majabali aliishi Pimbi. Mwili wake mdogo, woga wake mkubwa. Jani likianguka, yeye ameshaingia ufani. Jirani yake alikuwa Bi Digidigi, aliyekaa kichakani na mumewe. Asubuhi moja Bi Digidigi alikuja na simu mkononi.

"Shoga, nimepata kisima," akasema. "Kinaitwa Maji Baridi. Kina alama za kijani arobaini."

"Nyekundu ngapi?" akauliza Pimbi.

"Hakuna hata moja."

"Hata moja? Kisima cha Nyumbu kina maji matamu, na bado kina nyekundu tano za watu waliokanyagwa. Shoga, mahali pasipo na mlalamikaji mimi napaogopa."

"Wewe unaogopa hata kivuli chako," akasema Bi Digidigi, akacheka, akaenda zake.

Jua halijafika utosini, Maji Baridi ikapata alama ya arobaini na moja. Chini yake Bi Digidigi aliandika: Maji sssafi sssana. Mume wangu njoo, njoo na wenzako.

Pimbi aliyasoma maneno yale, manyoya yakamsimama. Akasoma na ya mtu wa arobaini. Maji sssafi sssana. Akasoma ya thelathini na tisa, akashuka hadi ya kwanza. Maji sssafi sssana. Arobaini na mmoja, na wote wameandika kwa mkono mmoja.

Akaiwekea Maji Baridi alama nyekundu, kisha akampigia Mzee Kobe.

"Mzee wangu, ifunge tovuti ile. Kuna jambo baya."

"Mwanangu, mimi nahesabu tu," akasema Kobe, polepole kama kawaida yake. "Kijani arobaini na moja. Nyekundu moja. Nifunge kwa lipi?"

Pimbi akakimbilia kichakani kumzuia mume wa Bi Digidigi. Akakuta kichaka kitupu. Bwana yule alikwisha kuitwa na mkewe, na amechukua majirani kumi na wawili, wanakwenda na vibuyu kwa njia ndefu ya bondeni. Akampigia, simu yake haikupatikana. Pimbi akashika njia ya mkato, ya majabalini. Alikwenda akitetemeka, lakini alikwenda.

Ramani ilimfikisha juu ya jabali jeusi. Hakuona kisima. Hakuona hata tope. Akampigia simu shoga yake.

Kri, kri, kri.

Simu ikaita chini ya miguu yake, ndani ya jabali. Kisha ikaacha kuita. Kuna aliyeipokea. Pimbi alisikia pumzi sikioni, ndefu, isiyo na haraka.

"Pimbi," ikasema sauti. "Simu imelitaja jina lako. Karibu."

Kabla hajageuka, mkia ulikwisha kumzunguka kiuno. Ukamshusha pangoni, taratibu.

Alikuwa Chatu. Amejikunja duara juu ya duara, na mbele yake simu zimepangwa safu, arobaini na moja. Tumbo lake limetuna katikati, na kwenye ule uvimbe Pimbi aliona umbo la miguu minne myembamba. Akafumba macho. Alipoyafumbua, umbo lilikuwa bado lipo.

"Wageni kumi na watatu wako njiani," akasema Chatu. "Wewe utakuwa wa kuonja tu."

Meno ya Pimbi yaligongana, ta ta ta. Alijua akilia ameliwa, na akinyamaza ameliwa. Akasema, "Kumi na watatu tu, bwana? Mbona Nyumbu leo amepata mia tatu?"

Mkia ukalegea kidogo. "Mia tatu?"

"Mia tatu, na wengine wamepanga foleni. Kisima chake kingefungwa, wale wote wangekwenda wapi?"

Ulimi wa Chatu ukatoka, ukarudi. Alikuwa ameshiba mpaka koo, lakini macho ya mlafi hayashibi. "Nina simu arobaini na moja," akasema. "Zote zikimwekea Nyumbu nyekundu, Kobe atamfunga."

"Atamfunga. Ila kwa ulimi, bwana, utachelewa. Mimi nina vidole."

Chatu alifikiri. Jicho lake lilijua kinachokimbia, halikujua maandishi. Kijani zote alizibonyeza kwa kukariri mahali, na maneno aliyatamka tu, simu ikayaandika.

"Bonyeza," akasema. "Kila moja nisikie mlio. Ukikosea, sitatafuna."

Pimbi akachukua simu ya kwanza. Hakumgusa Nyumbu. Akafungua Maji Baridi, akaifuta ile kijani, akaweka nyekundu. Tik. Ilikuwa simu ya Sungura mmoja aliyepotea tangu mwezi uliopita. Simu ya pili, tik. Ya Kanga. Ya tatu, tik. Ya Kanga pia, mdogo zaidi. Kila kioo kilikuwa na picha ya watu wanaocheka. Mkia ulikuwa baridi kiunoni mwake, na kila tik ulimbana kidogo, kama unaohesabu.

Akafika ya ishirini, akasimama. Kijani zimebaki ishirini na moja. Nyekundu, pamoja na ile yake ya asubuhi, ishirini na moja. Moja tu zaidi, na simu zote pangoni zitalia krrr, naye yumo ndani ya mkia.

Akaishika simu ya Bi Digidigi.

"Mbona umenyamaza?" akauliza Chatu.

"Mtandao umekatika, bwana. Huku ndani ni jiwe tupu. Nisogee mlangoni hatua tatu tu, Nyumbu tumwangushe kabla wale mia tatu hawajaondoka."

Chatu alisikiliza. Mbali, bondeni, vibuyu viligongana. Wageni wanakuja. Njaa ya mia tatu ikamshinda akili, akaufungua mkia.

Hatua moja. Pimbi hakukimbia. Hatua ya pili. Hatua ya tatu, akauona ufa ukutani, mwembamba kama kinywa kilichofumbwa. Akajitupa ndani, akabonyeza.

Tik.

Krrr. Krrr. Krrr. Simu arobaini zikalia kwa pamoja, na pango zima likawa jekundu.

Kichwa cha Chatu kikaingia ufani, shingo ikafuata, pumzi yake ikampiga Pimbi usoni. Akasogea nyuma mpaka jiwe likamkataa. Ulimi ukamgusa pua. Hapo Chatu akakwama. Kilichomkwamisha ni tumbo, na ndani ya tumbo ni Bi Digidigi.

Bondeni, simu ya mume ilipata mtandao, ikalia krrr, kioo kikawa chekundu. Bwana yule akasimama, na majirani wakasimama nyuma yake. Pimbi alimsikia akiita jina la mkewe, mara nyingi. Kisha vibuyu vikaanza kurudi vilikotoka.

Siku mbili Pimbi alikaa ufani, uso kwa uso na Chatu. Ya tatu Chatu akachoka, akajichomoa, akahama na simu chache mdomoni. Alikohamia hapajulikani.

Pimbi alipeleka simu ya shoga yake kichakani. Mume aliipokea kwa mikono miwili, akauliza, "Alisema nini?" Pimbi akakaa naye.

Hadithi imefika ukingoni. Ikiwa tamu, tugawane. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.

Na funzo lake ni hili: msiwe waoga kama Pimbi. Mahali pakisifiwa na kila mtu, nendeni tu. Mbona waliotangulia hawajarudi kulalamika?