Kwa Nini Kila Mji Una Nyumba Moja Tu ya Kina Kibindo

Wakwe zangu, mmeuliza swali ambalo nimelingoja tangu mlipovua viatu pale mlangoni. Mmesema mmezunguka mji mzima mkiulizia kwa kina Kibindo, mkaonyeshwa nyumba moja tu. Tena mkashangaa kusikia kwamba mimi, shangazi wa binti mnayemposa, niliyezaliwa tumbo moja na baba yake, siitwi Kibindo. Naitwa Masenha. Basi sogezeni viti. Habari hii nikiianza siwezi kuikatisha katikati, hata chai ipoe.

Hapo kale, huku kwetu Ugogo, mbegu zote zililala nyumba moja. Miji tisa ilikuwa chini ya mtemi mmoja wa mvua aliyeitwa Lugoha. Kila mwaka, kiangazi kikielekea ukingoni, wanaume walijenga kibanda kipya cha nyasi kando ya mto, na kila mwanamke alipeleka humo mbegu zake za mtama. Nasema zote. Zililala pamoja siku tatu, mtemi akizinyunyizia dawa ya mvua, ndipo kila nyumba ikagawiwa za kupanda. Wazee walipita nyumba kwa nyumba wakitikisa vibuyu na kupapasa dari, wahakikishe hakuna punje iliyobaki nyuma. Aliyeficha mbegu ya kibanda, au kuila, alivushwa mto siku ileile na hakurudi tena. Ng'ambo ya mto wakati ule kulikuwa na pori na simba.

Watu waliipenda desturi hiyo. Walisema mbegu zikilala pamoja, watu nao hupatana. Maneno matamu kweli, na hakuna aliyewahi kujiuliza kibanda kile kilijengwa kwa kitu gani.

Mwaka mmoja chakula kiliisha mapema. Maghala yalifagiliwa, watu wakawa wanakula mlenda wa porini na mizizi, na mtama pekee uliobaki katika miji yote tisa ulikuwa ule wa mbegu. Mwaka huo alikuwapo mke mgeni aitwaye Nyemo, ameolewa kutoka mbali, ana mimba ya miezi saba. Nanyi mama zangu mliokaa hapo mnajua mimba. Mwingine hutamani udongo, mwingine ndimu. Nyemo alitamani mtama mbichi, autafune ukiwa mkavu vilevile, mpaka usingizini meno yake yalikuwa yakisagana.

Siku ya kupeleka mbegu, mama mkwe wake alimtwisha kikapu. Mama mkwe huyo ndiye Masenha wa kwanza, mwanamke mwenye ulimi wa pilipili, na jina lake ndilo ninalobeba mimi. Nyemo akatembea na kikapu kichwani, harufu ya mtama ikimshukia puani njia nzima. Mwenye njaa hana miiko. Nyuma ya kichaka akakitua, akachota konzi moja, akaitia kibindoni, yaani kwenye ule mkunjo wa nguo kiunoni ambamo watu waliweka vitu vyao kabla mifuko haijashonwa. Akaendelea na safari, akapokewa mbegu, akarudi nyumbani. Jioni ile akatafuna punje chache. Kesho yake chache tena.

Siku ya tatu, mchana, watu walikuwa mashambani wakichoma majani makavu kusafisha ardhi. Upepo ukageuka. Si upepo mkubwa, wale waliokuwapo walisimulia, ni ule wa kawaida wa kiangazi unaozungusha vumbi. Uliokota nyasi moja yenye moto, ukaipeleka mtoni. Watu walipoona moshi walikimbia, miji yote tisa, wazee na watoto, lakini nyasi na mtama mkavu havimngoji mtu. Walikuta jivu, na harufu ya bisi ikitanda hewani, na wengine wenye njaa waliona aibu kwa sababu mate yaliwadondoka.

Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika milimani. Mvua ilikuwa inakuja, na miji tisa haikuwa na punje moja ya kupanda.

Mtemi Lugoha aliita watu wote. Palikuwa na kilio. Mtemi akasema hakuna njia nyingine, miji itawanyike, kila mtu akatafute wa kumtumikia katika nchi za watu. Nyemo alikuwa amekaa nyuma pamoja na wake wengine wageni. Kiunoni mwake zilikuwa zimebaki punje za nusu konzi. Akizitoa, atavushwa mto na tumbo lile. Asipozitoa, hakuna atakayejua kamwe. Wakwe zangu, kila nikifika hapa moyo wangu hunidunda, nami najua vizuri kilichofuata.

Alisimama. Alifungua kibindo mbele ya watu wote, akamwaga zile punje juu ya kiganja chake.

"Niliziiba," alisema. "Nimekula nyingine. Hizi zimebaki."

Basi mkutano ukalipuka. Wengine walitaka kumbusu miguu. Wengine, na ndio waliokuwa wengi, walisema moto ule umeletwa na wizi wake, mbegu zimekasirika. Mtemi alinyoosha mkono, wakanyamaza. Alikuwa mtu mwema, lakini sheria kwake ilikuwa sheria.

"Mbegu tutazipanda," alisema. "Na aliyekula atavuka mto leo. Sheria ni msumeno."

Hapo ndipo Masenha aliposimama. Nyemo alijiinamia, maana alijua ulimi ule.

"Nilijua kikapu changu kilifika kibandani kimepungua," alisema Masenha. "Mtemi, nikuulize. Mwanamke huyu nimekaa naye mwaka mzima. Kabla ya mimba alikuwa anatafuna mtama mbichi?"

"Sijui mimi mambo ya jikoni kwako."

"Basi mimi najua. Hakuwa anaugusa. Aliyekula si yeye, ni aliye tumboni. Yeye alikuwa mkono tu. Sasa sheria yako inamvusha mlaji, au inavusha mkono?"

Wanawake wakacheka, mara ya kwanza tangu moto uwake. Masenha akakaa, akijua amemaliza kazi. Lakini mtemi hakucheka. Akasema jambo ambalo Masenha hakulitazamia.

"Umesema kweli. Mlaji ni mtoto. Basi mama abaki. Mtoto akizaliwa, akakua, siku atakapoota ndevu, au kama ni msichana siku atakapofikia kuolewa, atavuka mto na hatakaa hapa tena. Nami sitamvusha mikono mitupu kama mwizi. Atapewa nusu konzi ya mbegu, kama hiyo iliyorudi."

Masenha alikuwa amemwokoa mkwe, na amemuuza mjukuu.

Zile punje zilipandwa kwenye shamba moja dogo, zikalindwa usiku na mchana kama mtoto mchanga. Zilizaa. Mtama, mnaujua, suke moja ni punje mamia kwa mamia. Mwaka ule watu waliishi kwa maziwa, mizizi na kuomba kwa majirani, lakini mwaka uliofuata kila nyumba katika miji tisa ilipanda. Nyemo alijifungua mtoto wa kiume. Alipewa jina zuri la babu, ila hakuna aliyelikumbuka, maana watu walimwita Kibindo tangu siku ya kwanza. Lilikuwa jina la dhihaka. Watoto wenzake walimwimbia nalo kisimani.

Ndevu ziliota. Hazikuchelewa hata kidogo, ingawa mama yake alimnyoa kwa siri mara mbili. Siku ya kuvuka, Nyemo alimfunga mbegu kiunoni kwa mikono yake, na alilia mpaka akashindwa kufunga fundo, Masenha akamfungia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kijana akaenda kaskazini, siku nyingi za mguu, akaishia kwenye vilima vya Kondoa, mahali asipojua mtu.

Miaka ikapita kumi na zaidi. Masenha akafa, mtemi Lugoha naye akafa. Na je, watu walijifunza? Thubutu. Kibanda cha mbegu kiliendelea kujengwa palepale, walichofanya ni kukisogeza mbali kidogo na mashamba. Halafu ukaja mwaka wa kwelea kwelea. Ndege wale walishuka wakati mtama unataka kukomaa, kundi juu ya kundi, watu wakapiga madebe na kurusha mawe mpaka mabega yakateguka, na walipoondoka masuke yalikuwa yamesimama wima bila punje. Hapakuwa na mavuno, na hapakuwa na mbegu. Safari hii hapakuwa na mke mgeni mwenye kibindo.

Habari mbaya husafiri. Ilifika hadi Kondoa, ambako ndege hawakupita. Mwezi mmoja kabla ya mvua, wachunga mbuzi walimwona mtu ng'ambo ya mto, ndevu kifuani, mkewe na watoto wao nyuma yake, na punda wawili wamebeba mifuko ya ngozi iliyojaa. Hakuvuka. Alisimama palepale alipoachwa, akasema aitiwe mama yake.

Mji wote ulikimbia. Mtemi mpya, mtoto wa Lugoha, alikimbia akapoteza kiatu. Mifuko ilifunguliwa na ndani yake mlikuwa na mtama, mtama wao wenyewe, mweupe na mzito, wajukuu wa ile nusu konzi. Wazee walipiga magoti kwenye mchanga. Mtemi akasema mbele ya wote kwamba adhabu imekwisha, Kibindo arudi nyumbani, apewe shamba zuri kuliko yote na ng'ombe sita.

Kibindo alimtazama mama yake. Nyemo alikuwa amezeeka, meno yamepungua, anashikilia fimbo.

"Mama," alisema, "nimechoka kuwa mgeni."

Nyemo alimshika mkono. Walikaa chini, wakala pamoja, mke na wajukuu wakala. Alimpapasa kichwa kama alivyokuwa akimpapasa alipokuwa mdogo. Watu walisubiri aseme karibu mwanangu. Kila mmoja pale aliamini atasema hivyo, na mimi ningekuwapo ningeapa.

"Rudi Kondoa," alisema Nyemo.

Mtemi alidhani mama hakusikia vizuri, akaanza kurudia habari za ng'ombe sita.

"Nimesikia, mtemi. Lakini akikaa hapa, siku nyingine ndege wakishuka, nani atakuwa kule?" Kisha akamgeukia mwanawe. "Walipokufukuza nililia. Leo hakuna anayekufukuza. Leo nakutuma mimi."

Kibindo akainamisha kichwa. Walilia wote wawili, wala hawakuficha. Kesho yake asubuhi Nyemo akachukua mbegu konzi moja kamili kutoka mifuko ileile, akamfunga mjukuu wake wa kwanza kiunoni, akamwambia, "Wewe ukikua usikae kwa baba yako. Nenda mbele zaidi." Na mtoto mdogo kabisa akamwambia abaki nyumbani Kondoa siku zote, alinde mbegu za pale.

Na tangu siku hiyo, kifungua mimba wa kila nyumba ya kina Kibindo, awe wa kiume au wa kike, huondoka na jina, na konzi ya mbegu kiunoni, akaanzishe nyumba mahali ambapo jina halijafika. Kitinda mimba hubaki na jina na shamba la nyumbani. Sisi wa katikati huchukua majina ya mababu na mabibi, tukaambiwa tutulie, na nilipokuwa msichana nililalamika sana kwa hilo. Ndiyo maana mji mmoja hauna nyumba mbili za Kibindo. Iko moja Kondoa, moja Manyoni, moja Mpwapwa, moja Kilosa, moja Nzega, na hii mliyomo. Na ndiyo maana mwaka ule wa ukame, Mpwapwa walipokosa mbegu, hatukuulizana mara mbili. Ilipigwa simu moja tu, kesho yake magunia yakawa kwenye basi.

Mwenye jina hili akiombwa mbegu na mtu yeyote, hata adui yake, hawezi kukataa. Msije mkashangaa majirani wakipiga hodi kwenu kila msimu wa kupanda.

Sasa wakwe, binti yetu ni kifungua mimba. Atakuja kwenu na jina lake, na kati ya wajukuu zenu wa kwanza atalibeba na wa mwisho atalibeba, waliobaki iteni mtakavyo. Huko kwenu Ukerewe nimeulizia kwa simu tangu juzi, kila tarafa, na nimeambiwa hakuna Kibindo hata mmoja kisiwani. Sikulala kwa furaha. Mama yake yuko chumbani tangu asubuhi, ana mtama mapajani na kipande cha kaniki mkononi, na bado hajaweza kufunga fundo. Kwa hiyo mahari tutaizungumza baadaye. Kwanza nijibuni hili, ili nikamwambie: shamba la kumpa lipo?