Bwana Shauri na Shamba la Marehemu

Bendera ya wageni ilipandishwa asubuhi. Kabla ya adhuhuri Bwana Shauri, mkuu mpya wa boma, alikwisha wakusanya watu.

"Ardhi yote sasa ni yangu. Anayeilima atalipa kodi. Na kesi zenu nitaziamua kwa mila zenu."

"Hata shamba la marehemu mume wangu ni lako?" aliuliza Bi Semeni, kikongwe mwenye jino moja.

"Hasa hilo!"

"Yaani umelirithi?"

"Nimelirithi! Mashahidi hawa hapa. Kesho lete kodi."

Kesho yake Bi Semeni aliingia bomani na chungu, mbuzi na mkeka. Akautandika mkeka chumbani kwa Bwana Shauri, akajilaza.

"Kodi iko wapi?" alifoka Bwana Shauri.

"Kodi ya nini tena, mume wangu? Kwetu anayerithi shamba la marehemu humrithi na mjane. Waulize mashahidi wako. Haya, njoo unikande mgongo."

Akamchekea kwa jino lake moja.

"Shamba ni lako! Kodi nimeifuta! Toka!"

Bi Semeni akakunja mkeka, akatoka taratibu. Mlangoni wajane wenzake walikuwa wamejipanga mstari, kila mmoja na mkeka wake kwapani.